Umakini, Usikivu na Utambuzi: Istilahi za Kupimia Wagonjwa wa Akili

Makala hii inakusudia kuchunguza maneno ya Kiswahili yanayotumika, au yanayofaa kutumika, katika kupima umakini na uwezo wa utambuzi wa watu wenye maradhi ya akili. Tumeichagua mada hii kwa sababu hapa kosa la istilahi lina gharama kubwa kuliko kwingineko. Mfasiri akikosea jina la chombo cha karakana, fundi atauliza. Akikosea swali la kumpimia mgonjwa, hakuna atakayeuliza: jibu la mgonjwa litahesabiwa kuwa si sahihi, na kosa la mfasiri litaingia katika jalada kwa jina la mgonjwa.

Mifano yetu mingi tunaifikiria katika mazingira ya Songea. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Ruvuma iko mjini humo, na mkoa una wilaya za Songea, Namtumbo, Tunduru, Mbinga na Nyasa. Watu wengi wa huko wamelelewa katika Kingoni, Kindendeule, Kiyao, Kimatengo au Kinyasa, na Kiswahili ndicho lugha yao ya shule, soko na ofisi. Vipimo vyenyewe, kwa upande mwingine, aghalabu vimetungwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo katika swali moja la muuguzi lugha tatu hukutana, na mfasiri ndiye aliyekabidhiwa kuzipatanisha.

1. Kinachopimwa ni nini?

Maradhi ya akili hayaathiri hisia na mwenendo peke yake. Mtu mwenye skizofrenia huweza kupata shida ya kushika fikira yake juu ya jambo moja, ya kukumbuka maelezo marefu, na ya kupanga hatua za kazi. Aghalabu matatizo hayo hubaki hata baada ya sauti anazozisikia kutulizwa kwa dawa, nayo ndiyo mara nyingi huamua kama ataweza kurudi shambani, dukani au darasani. Mwenye sonona hufikiri polepole, na kushindwa kukaza fikira ni mojawapo ya dalili zinazotumika kuutambua ugonjwa huo. Aliyepandwa na wazimu wa furaha huvutwa na kila sauti na kila kitu kinachopita mbele yake.

Mambo hayo yamepimwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1890 daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliwapa watu safu ndefu za tarakimu wazijumlishe mfululizo, akatazama jinsi kazi yao ilivyobadilika kadiri walivyochoka. Mwaka 1956 Rosvold na wenzake huko Marekani walitoa kipimo ambacho mtu hutazama herufi zikipita moja moja, naye hubonyeza kitufe kila aionapo herufi iliyotajwa. Mwaka 1975 Folstein na wenzake, pia wa Marekani, walichapisha mtihani mfupi wa hali ya akili wenye alama 30, ambao umeenea duniani kote. Mwaka 2008 ilichapishwa seti ya vipimo kwa ajili ya wagonjwa wa skizofrenia iliyogawa uwezo wa utambuzi katika sehemu 7: wepesi wa kushughulikia habari, umakini, kumbukumbu ya muda wa kazi, kujifunza kwa maneno, kujifunza kwa macho, kufikiri na kutatua matatizo, na kuwaelewa watu wengine.

Yafaa ieleweke kwamba alama ndogo peke yake haithibitishi ugonjwa wowote. Mtu aliyekosa usingizi, mwenye njaa, mwenye homa, asiyesikia vizuri, au aliyemeza dawa ya kumtuliza asubuhi hiyo huweza kupata alama ndogo. Hata dawa zinazotolewa ili kupunguza mtetemo na ukakamavu unaoletwa na baadhi ya dawa za akili huweza kudhoofisha kumbukumbu. Kwenye orodha hiyo ya sababu tunaongeza moja inayotuhusu sisi wenye kazi ya lugha: swali lililotafsiriwa vibaya.

2. Matatizo ya majina

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Tukisema "kupima akili", maneno hayo yana maana mbili zinazomgusa msikilizaji vibaya. Shuleni humaanisha kutafuta nani ana akili nyingi na nani ana chache. Mtaani, "nenda ukapimwe akili" ni tusi. Neno "mtihani" nalo huleta picha ya kufaulu na kufeli, na katika matumizi ya dini na ya kila siku humaanisha pia msiba ambao mtu hupewa ili ajaribiwe. "Jaribio" humfanya mgonjwa aogope kwamba yeye ndiye anayefanyiwa majaribio. "Kipimo" ni neno tulivu zaidi, ingawa hospitalini watu hulifahamu kama kipimo cha damu au cha mkojo, na mgonjwa aweza kungoja achomwe sindano. Maoni yetu ni kwamba "kipimo" litumike katika maandishi ya kitaalamu, na mbele ya mgonjwa litumike neno "zoezi", ambalo halimtishi wala halimdanganyi.

Neno la pili ni "utambuzi". Limekwisha kuzoeleka katika saikolojia na isimu kwa maana ya shughuli zote za akili za kupokea, kuhifadhi na kutumia habari. Lakini hospitalini neno hilohilo hutumika kwa maana ya kuujua ugonjwa ni upi. Basi "kipimo cha utambuzi" kwa mwanasaikolojia ni kipimo cha uwezo wa akili, na kwa mtaalamu wa maabara ni kipimo cha kugundua ugonjwa. "Utambuzi wa mgonjwa" una maana tatu: kujua mgonjwa huyu ni nani, kujua anaumwa nini, na uwezo wake mwenyewe wa kutambua. Ili kuondoa utata huo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya tiba isemwe daima "uwezo wa utambuzi" kwa maana ya saikolojia, na "ubainishaji wa ugonjwa" kwa maana ya tiba. Neno moja likiongezwa mahali pake huokoa maelezo mengi.

La tatu, nalo ndilo gumu zaidi, ni jina la uwezo wa akili kushika jambo moja na kuyaacha mengine. Tunayo maneno matatu. "Usikivu" hufaa kwa masikio, lakini mtoto msikivu ni mtoto mtiifu, kwa hiyo asiye na usikivu ni mkaidi. "Uzingatifu" hutokana na kuzingatia, na tunachokizingatia aghalabu ni sheria, ushauri au maagizo, kwa hiyo asiyezingatia amekaidi. "Umakini" ndilo lililoenea zaidi. Katika matumizi ya zamani neno makini lilibeba maana ya utulivu na staha. Leo hutumika kwa mtu anayefanya jambo kwa uangalifu. Dereva asiye makini hulaumiwa. Mwanafunzi asiye makini huadhibiwa.

Msomaji ameona tatizo letu. Katika maneno yote matatu, uwezo wa akili umefungamana na tabia njema. Sifa hiyo ya lugha yetu haina ubaya mtaani, ila katika jalada la hospitali huwa hatari. Muuguzi akiandika "mgonjwa hana umakini", daktari aweza kusoma dalili, lakini ndugu wa mgonjwa, mwajiri wake, au mwalimu mkuu wake atasoma lawama. Mtu aliyeshindwa kufuata maelezo kwa sababu ya ugonjwa ataonekana mzembe, na uzembe hauombewi likizo ya ugonjwa wala kazi nyepesi.

Hatudhani kwamba dawa yake ni kubuni neno geni ambalo hakuna atakayelielewa. "Umakini" libaki kuwa istilahi, kwa sharti moja: katika taarifa lisisimame peke yake. Mpimaji aandike alichokiona, ndipo atoe jina. "Alirudia tarakimu 4 kwa mpangilio, akashindwa tarakimu 5 mara mbili, umakini wa muda mfupi ni mdogo." Sentensi kama hiyo haimlaumu mtu, na mpimaji mwingine aweza kuilinganisha na hali ya mgonjwa baada ya miezi 3.

3. Maswali yanayobadilika yakivuka lugha

Mfasiri aweza kutafsiri kila neno kwa usahihi na bado kipimo kikawa kimekuwa kingine. Tutatoa mifano sita.

(a) Kurudia tarakimu. Mgonjwa hutajiwa tarakimu, naye huzirudia. Katika Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba peke yake yenye silabi mbili; zilizobaki zote zina silabi moja. Katika Kiswahili zote, toka moja hadi tisa, zina silabi mbili. Mwaka 1975 Baddeley na wenzake walionyesha kwamba mtu hukumbuka kwa wakati mmoja maneno machache zaidi yakiwa marefu kutamka. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walieleza kwa njia hiyohiyo kwa nini watoto wa Wales walipata alama ndogo walipopimwa kwa tarakimu za Kiwelisi, ambazo huchukua muda mrefu zaidi kutamka. Kwa hiyo si haki kumpima mtu wa Namtumbo kwa tarakimu za Kiswahili kisha kumlinganisha na kiwango kilichopatikana kwa Waingereza.

(b) Herufi. Mtihani wa mwaka 1975 humtaka mtu ataje herufi za neno la herufi tano kutoka mwisho hadi mwanzo. Wafasiri hupenda kutumia "dunia". Lakini wasomaji wa Kiswahili, hasa waliosomea katika madarasa ya elimu ya watu wazima, wamefundishwa kusoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aligeuze neno "dunia", atasema "a-ni-du", na kwa mafunzo yake amelipatia. Kadhalika kipimo cha mwaka 1956 hutumia herufi X, ambayo haimo katika alfabeti ya Kiswahili. Na kile cha kuunganisha kwa mstari 1, A, 2, B, 3, C humkwaza anayejua kwamba baada ya b huja ch.

(c) Siku na miezi. Kutaja siku za juma kinyumenyume ni kipimo cha umakini katika lugha nyingi, kwa kuwa mpangilio wa majina hauonekani katika majina yenyewe. Katika Kiswahili siku tano, toka Jumamosi hadi Jumatano, zimebeba hesabu ndani yake. Miezi nayo, kwa watu wengi, ni mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kuitaja kinyumenyume ni sawa na kuhesabu toka kumi na mbili kurudi moja, kazi nyepesi zaidi. Hapa tafsiri humpendelea mgonjwa, na tatizo lililopo laweza kufichika.

(d) Saa. Mgonjwa huombwa achore saa yenye mishale inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Kwa hesabu yetu mshale mfupi huelekea 11. Mwenye kuuelekeza kwenye 5 huenda amechanganyikiwa, na huenda amefuata jina la saa kama lilivyotajwa. Mpimaji asiyefahamu jambo hili atampa sifuri. Anayelifahamu atauliza swali la pili kabla ya kuhukumu.

(e) Majira. "Sasa ni majira gani?" Swali la asili linahusu majira manne ya Ulaya. Songea ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwezi wa nne hivi, na watu husema masika na kiangazi. Vuli na kipupwe vya vitabuni havina nafasi huko. Zaidi ya hayo, anayejibu "majira ya mchana" ametumia Kiswahili safi. Ni bora kuuliza: "Sasa ni wakati wa mvua au wa kiangazi?"

(f) Methali. Wapimaji huuliza maana ya methali ili kuona kama mtu aweza kutoka kwenye kitu kinachoonekana na kufikia wazo. Shuleni kwetu methali hufundishwa pamoja na maana zake. Anayefafanua "Haraka haraka haina baraka" huenda anakumbuka somo la darasa la nne. Kilichopimwa hapo ni kumbukumbu, ingawa fomu imeandika fikira.

Katika mifano yote sita hakuna neno lililotafsiriwa kinyume cha kamusi. Kilichobadilika ni kazi anayopewa mtu. Hili ndilo jambo kuu tunalotaka wafasiri walishike: katika kipimo, kinachotafsiriwa ni ugumu wa kazi, na maneno ni chombo chake tu.

4. Mfano wa Hai

Kwamba jambo hili lawezekana kufanywa vizuri, tunao ushahidi nchini. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo kifupi cha kuchunguza upungufu wa utambuzi kwa wazee, ambacho taarifa zake zilichapishwa mwaka 2014. Kilikusudiwa kwa ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, si kwa skizofrenia au sonona, lakini njia yake inatufaa. Kina alama 15, na hakimtaki mzee ajue kusoma wala kuandika. Badala ya kunakili mchoro kwa kalamu, hupanga njiti za kiberiti kama alivyopanga mpimaji. Huulizwa jina la kiongozi wa kijiji chake, daraja ni kitu gani, na majina ya wanyama wengi awezavyo kuwataja katika dakika moja. Husomewa maneno 10 ili ayakumbuke baadaye.

Tunalopaswa kulitazama hapa ni mpangilio wa kazi. Watengenezaji waliuliza kwanza ni kitu gani mzee wa Hai hukijua, hukifanya na hukishika mkononi, ndipo wakatafuta swali. Mfasiri anayepewa fomu ya kigeni na kuambiwa aijaze Kiswahili huanza mwisho wa safari hiyo.

5. Lugha ya mpimaji mbele ya mgonjwa

Kipimo huhitaji maelekezo yaleyale kwa kila mtu, la sivyo alama hazilinganishiki. Lakini Kiswahili hakina maelekezo yasiyojali mtu ni nani. Muuguzi kijana hawezi kumwambia mzee "Sema namba hizi!" bila kumvunjia heshima, na mzee aliyeudhika hunyamaza. Ukimya wake ukaitwa upungufu, kosa ni la mpimaji. Aidha kumuuliza mtu mzima "Leo ni siku gani?" bila utangulizi ni kama kumdharau.

Kwa hiyo heshima yenyewe iwekwe katika maelekezo, isiachwe kwa hiari ya kila mtu. Baada ya salamu inayostahili, mpimaji aweza kusema: "Mama, nitakuuliza maswali ambayo huulizwa kila anayefika hapa. Mengine ni mepesi, mengine yana ugumu. Sasa nitakutajia namba, nawe nikimaliza naomba uzirudie kama nilivyozitaja." Pahali pa "Mama" patawekwa "Mzee", "Dada" au "Kaka" kama inavyofaa; maneno mengine yasibadilike.

Kuhusu wasiojua Kiswahili vizuri, desturi ya kumtumia ndugu wa mgonjwa kuwa mkalimani ina hatari. Ndugu kwa huruma hurefusha swali, hudokeza jibu, au husahihisha lililokosewa. Inafaa maelekezo ya Kingoni, Kiyao au Kimatengo yaandikwe mapema na kusomwa na mtumishi aliyefundishwa. Katika zoezi la wanyama, majina ya lugha ya nyumbani yapokewe sawasawa na ya Kiswahili, ila mnyama mmoja aliyetajwa kwa lugha mbili ahesabiwe mara moja.

6. Mapendekezo

Kwa ajili ya kujadiliwa na wasomaji wetu, tunatoa istilahi zifuatazo pamoja na maana zake:

Uwezo wa utambuzi: jumla ya shughuli za akili za kupokea, kuhifadhi na kutumia habari.
Umakini endelevu: uwezo wa kushika kazi moja kwa muda mrefu bila kuiachia.
Umakini teuzi: uwezo wa kushika jambo moja na kuyaacha mengine yanayovuta.
Umakini gawanyifu: uwezo wa kushika mambo mawili kwa pamoja.
Kumbukumbu tendaji: uwezo wa kushika habari kwa muda mfupi huku ukiifanyia kazi.
Muda wa mwitikio: muda unaopita toka ishara itolewe hadi mtu aijibu.
Kiwango linganishi: alama za watu wasio wagonjwa, wenye umri, elimu na lugha kama ya mpimwa, ambazo kwazo alama zake hupimwa.
Tafsiri rejeshi: tafsiri ya kurudisha matini katika lugha ya asili, inayofanywa na mtu asiyeiona asili hiyo, ili kugundua palipopotoka.

Kuhusu utaratibu, tunapendekeza hatua nne. Kwanza, mfasiri aelezwe kila swali linakusudia kupima nini. Pili, tafsiri rejeshi ifanywe, lakini isiaminiwe peke yake: "dunia" hurudi katika Kiingereza bila dosari, na tatizo la silabi halionekani. Tatu, maswali yajaribiwe kwa watu wenye afya njema wa mahali hapo, waliosoma na wasiosoma. Swali linalowashinda wengi wao liondolewe. Nne, viwango linganishi vitafutwe humuhumu nchini.

Hatua ya tatu haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa Mbinga, karani wa Tunduru au muuguzi wa Songea aweza kuwauliza watu ishirini wazima wa jirani zake swali lililotafsiriwa, na kuandika jinsi walivyolielewa. Maelezo ya namna hiyo yakitufikia, tutaweza kuzipima istilahi hizi kabla hazijatumika kumpimia mgonjwa.